Aliyekatazwa Ngano Anywe Nini? Soda, Kimea na Vitu vya Kutia Utamu

Leo tutazungumza juu ya vinywaji na vitu vya kutia utamu kwa mtu ambaye daktari amemwambia asile chochote chenye gluteni. Tafuta kalamu na karatasi, kwa maana kuna maneno machache ambayo nitakuomba uyaandike.

Pengine unajiuliza, kwa nini vinywaji? Ni kwa sababu mgonjwa akiambiwa aache ngano, jamaa zake hufikiria chapati, mkate, mandazi, keki na tambi. Hivyo huondolewa kwenye sahani mara moja. Lakini kikombe hakiangaliwi. Mtoto ananyimwa chapati mchana, kisha usiku anapewa kinywaji cha kimea ili apate nguvu. Miezi mitatu inapita, bado anaharisha, bado uzito hauongezeki, na mama anasema, "Hiki chakula cha daktari hakisaidii." Chakula kingesaidia. Kinachomrudisha mtoto nyuma ni kile kikombe cha usiku.

GLUTENI NI NINI?

Gluteni ni protini iliyo ndani ya nafaka tatu: ngano, shayiri na rai. Ndiyo inayofanya unga wa chapati uvutike bila kukatika. Kwa watu wengi haina madhara. Lakini kuna watu wenye ugonjwa wa siliaki. Inakadiriwa kwamba duniani ni karibu mtu 1 katika kila watu 100, na wengi wao hawajui kwamba wanao.

Mtu wa namna hii akila gluteni, kinga ya mwili wake hugeuka na kuushambulia utumbo wake mwenyewe. Ndani ya utumbo mwembamba kuna vijinyweleo vidogo sana ambavyo kazi yake ni kufyonza chakula na kukipeleka kwenye damu. Vijinyweleo hivyo huliwa na kulala. Basi hata mgonjwa akila vizuri, chakula kinapita tu. Ndipo unaona kuharisha kusikokoma, tumbo kujaa gesi, upungufu wa damu usiosikia dawa, mifupa dhaifu, na mtoto asiyekua kama wenzake.

Mwaka wa 1950 daktari mmoja wa watoto wa Uholanzi, Willem Karel Dicke, alieleza katika utafiti wake kwamba watoto wenye ugonjwa huu walipata nafuu walipoondolewa ngano. Tangu wakati huo hadi leo matibabu ni yale yale: kuacha gluteni maisha yote. Utumbo ukipumzishwa, vijinyweleo huota tena. Lakini kiasi kidogo kinachorudiwa kila siku, hata kijiko kimoja ndani ya kikombe, kinatosha kuuzuia utumbo usipone.

Hapa nitoe onyo. Usiache ngano kwa kujiamulia kabla ya kupimwa. Kwanza hupimwa damu, kisha daktari anaweza kuingiza kamera nyembamba tumboni na kuchukua kipande kidogo cha utumbo. Vipimo hivi hufanya kazi vizuri mtu akiwa bado anakula ngano. Ukiiacha mapema, majibu yanaweza kudanganya. Tena, kuharisha na kukonda kunaweza kuletwa na minyoo, amiba, kifua kikuu, virusi vya Ukimwi na mambo mengine. Nenda kituo cha afya upimwe.

KIMEA: HAPA NDIPO PENYE SHIDA

Neno kimea si geni kwetu. Ni nafaka iliyolowekwa maji, ikaota, ikakaushwa na kusagwa. Nafaka inapoota, wanga wake hugeuka kuwa sukari, ndiyo sababu kimea kina utamu na harufu nzuri. Nyumbani, kimea chetu cha kienyeji mara nyingi ni cha wimbi au mtama. Wimbi na mtama havina gluteni inayomdhuru mgonjwa wa siliaki. Kwa hivyo kimea cha wimbi kilichotengenezwa kwa usafi hakina ubaya.

Lakini kimea cha viwandani kwa kawaida ni cha shayiri. Shayiri hulimwa hapa nchini, sehemu kama Narok na Timau, na nyingi huenda kutengeneza kimea cha bia. Kuota hakuondoi protini yake mbaya. Wala kuchemsha hakuiondoi.

Kwa sababu hiyo, ukisikia neno kimea uliza swali moja: ni kimea cha nafaka gani? Kama huwezi kupata jibu, kihesabu kuwa cha shayiri na ukiache.

Vinywaji vya kuangaliwa ni hivi:

Kwanza, vinywaji vya unga vya kukoroga kwa maziwa au maji moto. Horlicks hutengenezwa kwa ngano na kimea cha shayiri. Milo nayo hutiwa kimea cha shayiri. Vinapendwa sana kwa watoto wa shule, na ni vizuri kwa mtoto asiye na ugonjwa huu. Kwa mtoto mwenye siliaki havifai hata kijiko kimoja.

Pili, soda za kimea. Hizi huuzwa kama soda nyingine, hazina kileo, na nyingine zina ladha ya matunda. Kwa mfano, Alvaro iliyoingia sokoni Kenya mwaka wa 2008 ilitangazwa kuwa kinywaji cha kimea, lakini ladha zake zilikuwa za matunda kama nanasi. Mtu akionja husikia tunda, hasikii shayiri. Malta nazo, zile nyeusi zilizo tamu, ni za kimea waziwazi.

Tatu, vinywaji vya matunda vya kuchanganya na maji ambavyo vimeongezwa shayiri. Ukiona picha ya chungwa au ndimu, usitosheke na picha. Soma maandishi.

Nne, bia. Bia nyingi hupikwa kwa kimea cha shayiri, na ile isiyo na kileo pia. Kuondolewa kileo si kuondolewa gluteni.

JINSI YA KUSOMA LEBO

Sasa chukua kalamu. Lebo zetu nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza, na hata kama hukisomi vizuri, unaweza kutambua maneno manne. Andika: "wheat", hiyo ni ngano. "Barley", hiyo ni shayiri. "Rye", hiyo ni rai. "Malt", hicho ni kimea. Karatasi hiyo iweke kwenye kibeti au uibandike kwenye kabati la jikoni. Ukifika dukani, geuza mkebe au chupa, tafuta orodha ya vitu vilivyotiwa, na ulinganishe. Ukiona mojawapo ya maneno hayo, rudisha. Mtoto anayejua kusoma mfundishe yeye mwenyewe, kwa sababu hutakuwa naye kwenye duka la shule.

Kuna neno moja linalowatisha watu bure: "maltodextrin", yaani maltodekstrini. Linaanza kama kimea lakini si kimea. Ni wanga uliosafishwa, mara nyingi wa mahindi au muhogo, na hauna tatizo kwa mgonjwa wa siliaki. Usilichanganye na "malt extract", ambayo ni maji mazito ya kimea na haifai.

Mfuko au chupa ikiandikwa "gluten free" kwa kufuata kiwango cha kimataifa cha Codex, maana yake ni kwamba gluteni iliyomo haizidi miligramu 20 kwa kila kilo moja. Alama ya KEBS ni jambo jingine. Inaonyesha kwamba bidhaa imefikia viwango vya nchi, na haisemi chochote juu ya gluteni.

SODA ZA KAWAIDA

Soda ya kola, ya machungwa, ya ndimu au ya tangawizi kwa kawaida hutengenezwa kwa maji, sukari, gesi, asidi, ladha na rangi. Hakuna ngano humo. Rangi ya hudhurungi ya kola ni karameli, yaani sukari iliyounguzwa, na haimdhuru mgonjwa wa siliaki. Basi mtoto akialikwa kwenye sherehe na akakosa keki, soda ya kawaida anaweza kunywa pamoja na wenzake.

Hata hivyo, kinywaji kukosa gluteni si kusema kwamba ni chakula bora. Wako wagonjwa ambao, wakishajua kwamba soda haiwaletei shida ya tumbo, huifanya kuwa ndiyo maji yao ya kunywa. Hebu tufanye hesabu. Lebo ikisema gramu 10.6 za sukari kwa kila mililita 100, chupa ya mililita 300 ina karibu gramu 32. Kijiko cha chai kilichosawazishwa hubeba karibu gramu 4. Hivyo ni vijiko 8 katika chupa moja. Chupa ya nusu lita itakuwa na kama vijiko 13.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wa mwaka wa 2015, lilishauri kwamba sukari ya mtu mzima kwa siku nzima iwe chini ya vijiko 12 hivi, na ikiwezekana isizidi vijiko 6. Hesabu hiyo inajumlisha sukari ya chai, asali na sukari ya ndani ya juisi. Kwa mgonjwa aliyekonda, soda inashibisha tumbo dogo na kumnyima nafasi ya maharagwe, mayai, mboga na maziwa, vitu ambavyo mwili wake unavililia.

SUKARI, ASALI NA VINGINEVYO

Watu wengi huuliza kama waache sukari. Sukari ya miwa, iwe nyeupe au ya kahawia, haina gluteni. Sukari nguru haina. Glukosi ya pakiti haina. Asali safi haina. Hata glukosi ya majimaji iliyotolewa kwenye wanga wa ngano husafishwa kiasi kwamba gluteni inayobaki ni kidogo mno, na nchi za Ulaya hazilazimishi itajwe kwenye lebo kama ngano.

Tatizo la sukari na asali huanzia nyumbani, nalo ni kijiko. Mtu amekula mandazi, vidole vina chembe, anachota sukari. Mwingine anapaka asali kwenye mkate, kisha anarudisha kisu kile kile ndani ya chupa. Sasa asali iliyokuwa safi ina chembe za mkate. Dawa yake ni rahisi: mgonjwa awe na kibakuli chake cha sukari na chupa yake ya asali, chenye mfuniko na kijiko chake, na watu wote wa nyumba waambiwe. Na asali, msikilizaji, usimpe kamwe mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja, awe mgonjwa au mzima. Inaweza kuwa na vijidudu vinavyolegeza misuli ya mtoto mchanga na kumzuia kupumua.

Kisha kuna vitu vya utamu visivyo sukari. Sakarini, aspatame na sukralosi havitoki kwenye nafaka hizi tatu. Stevia ni majani ya mmea ambao hata hapa Kenya hulimwa, upande wa Kericho. Vyenyewe havina gluteni. Lakini aspatame haimfai mtu aliyezaliwa na ugonjwa uitwao fenilketonuria. Na mwaka wa 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri watu wasivitegemee vitu hivi kwa nia ya kupunguza mwili. Ushauri huo haukuwahusu watu ambao tayari wana kisukari.

Angalia sana kundi la sorbitoli, maltitoli na zailitoli, ambalo hutiwa kwenye peremende na chingamu zisizo na sukari. Halina gluteni, ila mtu akila nyingi hujaa gesi na kuharisha. Mgonjwa wa siliaki akiharisha hudhani amekula ngano mahali fulani, akaanza kulaumu sufuria na mpishi, kumbe ni peremende. Maziwa nayo yanaweza kufanya hivyo miezi ya kwanza. Utumbo uliojeruhiwa hushindwa kusaga sukari ya maziwa kwa muda. Punguza maziwa, jaribu maziwa lala au mtindi usiotiwa vitu vingine, na utumbo ukipona wengi huweza kuyanywa tena.

NYUMBANI TUNYWE NINI?

Maji safi yaliyochemshwa au kutiwa dawa yawe ndiyo ya kwanza. Chai ya majani na kahawa halisi ni salama, bora mtu asichovye mandazi ndani ya kikombe kisha akampa mgonjwa anywe. Kakao tupu ni salama, na inaweza kushika nafasi ya vile vinywaji vya kimea: kijiko kimoja cha kakao, maziwa, na sukari kidogo. Madafu, juisi ya ukwaju, ya maembe au ya pasheni uliyoitengeneza mwenyewe, vyote havina gluteni. Ukinunua juisi barabarani, uliza kama mashine ile ile haitumiki kusagia oti au biskuti za kunywa na maziwa.

Uji ndio kinywaji chetu kikubwa, na una mtego. Uji wa wimbi, mtama, mahindi, mawele au muhogo ni mzuri sana kwa mgonjwa huyu. Lakini unga wa uji wa kuchanganya, ule wa nafaka nyingi unaouzwa kwenye pakiti au kwa kupimiwa sokoni, mara nyingine hutiwa ngano. Pia mashine ya kusaga inaweza kuwa imetoka kusaga ngano ya mteja aliyekutangulia, na unga wa kwanza kutoka utakuwa na mabaki yake. Nunua wimbi nzima, ipepete na kuichambua mwenyewe, na umwombe mwenye mashine akusagie kwa mashine ya mahindi peke yake. Nyumba zinazoweza zinaweza kununua mashine ndogo ya mkono.

MASWALI TUNAYOULIZWA MARA KWA MARA

Mtoto wangu mwenye siliaki anaharisha. Nimpe soda ili asiishiwe maji?

Hapana, mama. Sukari ya soda ni nyingi mno na inaweza kuzidisha kuharisha. Mpe maji ya ORS kutoka kituo cha afya. Yana glukosi na chumvi kwa kipimo, wala hayana ngano. Mwendelee kumnyonyesha au kumlisha. Akiwa mlegevu, macho yameingia ndani, au anatapika kila kitu, mkimbize hospitali.

Mimi natumia insulini na pia nimekatazwa gluteni. Sukari ikishuka ghafla ninywe nini?

Ndugu yangu, swali hili ni muhimu, kwa sababu watu wenye kisukari cha aina ya kwanza hupata siliaki zaidi ya watu wengine. Ukianza kutetemeka, kutokwa na jasho na kuchanganyikiwa, unahitaji sukari ya kweli, kama gramu 15. Ni vijiko 3 hadi 4 vya sukari vilivyokorogwa kwenye maji, au nusu ya chupa ya soda ya kawaida ya mililita 300. Soda iliyoandikwa "zero" au "diet" haitakusaidia wakati huo, kwa sababu haina sukari. Subiri dakika 15, pima tena, na kama bado iko chini rudia, kisha ule chakula. Waambie walio karibu nawe kwamba ukizimia wasikumwagie kitu mdomoni. Wakupeleke hospitali haraka. Na wawe wanajua mapema ni soda gani, ili wakati wa haraka mtu asikushikishe ile ya kimea.

Nikinywa kinywaji cha kimea na nisisikie chochote, si ina maana nimepona?

La. Wako wagonjwa ambao utumbo wao unaharibika bila maumivu yoyote. Dalili hazitoshi kukupa jibu. Rudi kliniki upimwe damu kama daktari alivyopanga.

MAMBO YA KUKUMBUKA

- Nafaka za kuepuka ni ngano, shayiri na rai, ziwe kwenye sahani au kikombeni.
- Kimea cha kiwandani kihesabu kuwa cha shayiri mpaka uthibitishe vinginevyo.
- Soda za kawaida na sukari hazina gluteni, lakini zitumike kwa uchache.
- Maltodekstrini si kimea.
- Sukari na asali ya mgonjwa viwe na kijiko chake.
- Uji uwe wa nafaka unayoijua, iliyosagwa mahali unapopajua.
- Usiache ngano kabla ya kupimwa.

Jirani yako akiwa na mtoto aliyekatazwa ngano, na ukaona mkebe wa kinywaji cha kimea mezani kwake, usinyamaze. Mwelekeze kwa upole, na kama ana shaka aende kwa muuguzi au mtaalamu wa lishe wa hospitali iliyo karibu akiwa na mkebe wenyewe mkononi, ausomewe lebo.